Kampeni ya Mawe Yaliyolala

Semina ilifanyika Shinyanga mjini, kwenye ukumbi wenye mapangaboi yaliyozunguka bila kuleta upepo. Tulikuwa walimu wa sekondari kutoka huku na huku, na mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu aliyetaka tumwite kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo hakuna aliyeliweza. Siku ya mwisho alitufundisha zoezi la kampeni za kubuni. Wanafunzi wanagawanywa makundi. Kila kundi linatunga shida isiyokuwepo, kisha linatengeneza ukurasa kama ule wa mtandaoni wa kuchangisha fedha: kichwa cha habari, picha, hadithi fupi ya kumlainisha msomaji, na maelezo ya kile ambacho mchango utafanya. Darasa zima linasikiliza na kuchangia hela za uongo. Kampeni iliyogusa wengi ndiyo inayoshinda.

Wakati wa chai mwalimu mmoja kutoka Kahama alisema, "Tumechangishana kwa kweli mpaka tumechoka, sasa tunafundishwa kuchangishana kwa uongo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshajizoesha kucheka pale wenzangu wanapocheka. Mume wangu alikuwa amefukiwa na kifusi wakati wa mvua, na sasa ilikuwa kiangazi. Nilikula, nililala, nilisahihisha kazi za wanafunzi. Ungeniuliza ninajisikiaje ningekwambia vizuri, na nisingekuwa nimesema uongo, maana sikuwa najisikia chochote.

Ninafundisha shule ya kutwa isiyo mbali na Rwamgasa, upande wa Geita. Ukisimama uwanjani kwetu unasikia makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, tangu wakati wa paredi ya asubuhi hadi watoto wanapokwenda nyumbani. Mume wangu alikuwa na hisa kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji, yeye na wenzake wachache. Hakuwa mtu wa kuzama chini. Kazi yake ilikuwa juu, mdomoni mwa duara. Mfuko wa mawe ukivutwa kutoka chini, yeye ndiye aliyeupokea, akaufunga, akauweka kando. Alifungia vipande vya kanga zangu kuukuu. Kamba ya dukani alisema haina adabu, inateleza.

Mafundo yake ndiyo yaliyokuwa ugomvi wa nyumba yetu. Mungu hakutujalia watoto wa kugombania, kwa hiyo tuligombania mafundo. Alifunga mfuko wa unga kana kwamba unga una mpango wa kutoroka. Alifunga mlango wa banda la kuku hivyo hivyo, na kiroba cha mkaa, na hata mfuko wa nailoni wenye nyanya nne. Mimi nahangaika kwa kucha, nahangaika kwa meno, maji ya ugali yanachemka mpaka yanakauka. Mwisho nilitunga sheria: aliyefunga ndiye afungue. Nikikuta fundo lake naliacha kama lilivyo, na njaa ikituuma inatuuma wote. Anarudi, ananawa mikono taratibu, anafungua kwa vidole viwili huku ananitazama. "Umesoma mpaka chuo, mke wangu," ananiambia, "leo fundo la mtu wa darasa la saba limekushinda?"

Siku ile alizama kwa sababu mwenzake alisema timba moja limelegea, moja ya yale magogo ya kuzuia kuta zisianguke. Alikwenda kuangalia tu. Walimtoa jioni.

Tulimzika kwao, upande wa Songwa. Watu walikuja wengi, na kila aliyekuja alikuja na msemo wake: kazi ya Mungu haina makosa, yeye mbele sisi nyuma, Mungu hamtupi mja wake. Ningekuwa nasahihisha ningewakata alama kwa kunakiliana. Wakaniambia pole, nikawajibu nimeshapoa, kama tulivyofundishwa tangu utotoni kwamba pole hujibiwa hivyo. Nilisema nimeshapoa kwa mama mkwe, nikasema kwa mchungaji, nikasema kwa dereva wa gari la jeneza. Nilirudi kazini nikiwa nasema hivyo hivyo. Hata nilipokwenda Kalangalala, pale Geita mjini, kununua karatasi za manila kwa ajili ya zoezi langu, mzee wa duka aliacha kumhudumia mteja mwingine akanifuata. Ni Mhindi aliyezaliwa pale pale mjini, ana Kisukuma kuliko mimi, na alikuwa akimuuzia mume wangu mabuti na kumlaumu kwa kutonunua kamba. "Mwangaluka, mwalimu," alisema, kisha akashika meza yake kwa mikono miwili. "Pole sana. Yule alikuwa rafiki yangu."

"Nimeshapoa," nikamwambia. "Nipe manila za njano."

Alinipa na za bluu juu yake, bure. Niliona macho yake yamelowa, nikafikiri ni vumbi la barabarani.

Sasa nieleze juu ya mawe, maana bila mawe hayo sina la kusimulia. Huku kwenye machimbo mtu akifia kwenye duara, maduara ya jirani hayaleti rambirambi ya bahasha. Kila duara linatoa mfuko mmoja wa mawe, mfuko wa zamu ya kwanza baada ya mazishi, bila kuchagua wala kupima. Yanaitwa mawe ya msiba. Ndani yake huenda kuna dhahabu na huenda kuna mawe ya kujengea choo. Hakuna ajuaye, na kumuuliza mtoaji ni matusi. Mifuko inapelekwa karashani siku moja atakayoitaja mfiwa, inamwagwa pamoja, inasagwa pamoja. Waliotoa wanakuja kutazama, wanakunywa uji, na kitakachopatikana kinakwenda kwa wafiwa. Siku hiyo ndiyo tanga linaanuliwa. Mpaka mawe yasagwe, msiba bado uko wazi, na wenye maduara wanasema mawe ya msiba hayalali.

Ya kwangu yalilala. Yalipangwa nyuma ya nyumba, chini ya upenu wa bati, na pale yakakaa mvua ikaisha, pamba ikavunwa, upepo wa kiangazi ukaanza kuyarushia vumbi. Mifuko mingi ilikuwa imefungwa kwa katani. Mmoja, uliokuwa juu kabisa upande wa kulia, ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga ya kijani. Huo haukuwa wa jirani yeyote. Ulikuwa mfuko wa duara lake mwenyewe, alioufunga asubuhi ile kabla hajazama. Wenzake waliuleta pamoja na mingine kwa sababu waliona ni haki yangu.

Niliifahamu kanga ile. Niliivaa mpaka ikachakaa, na nilimpa mimi mwenyewe aichane. Kila asubuhi nikienda kumwaga maji ya kuoshea vyombo niliuona ule mfuko, na kichwani nilisikia ile sheria yangu, aliyefunga ndiye afungue. Nikamwaga maji, nikarudi ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Nilijua vizuri alipo, nilimwona akishushwa. Lakini mfuko ulikuwa umefungwa na mtu fulani, na kazi ya kuufungua ilikuwa yake.

Watu walisema, kama watu wasemavyo. Wengine walisema mwalimu ni mjanja, anangoja bei ya dhahabu ipande. Wengine walisema nimekwenda kwa mganga nikapewa masharti. Nilizisikia habari hizo nikaziacha zipite, kwa kuwa hata kukasirika kunataka nguvu.

Basi nikafundisha lile zoezi, kidato cha tatu, kipindi cha Kiswahili baada ya mapumziko ya chai. Hela za uongo zilikuwa punje za mahindi. Kila mwanafunzi alipewa gao la mkononi, na kila kundi likawa na kopo lake tupu la majarini. Niliweka kanuni mbili. Ya kwanza, shida iwe ya kubuni, asitajwe mtu wa kweli, kwa sababu machimboni kila nyumba ina shida ya kweli na kipindi kingegeuka kilio. Ya pili niliiongeza mwenyewe: kila anayechangia aseme kwa sentensi moja kwa nini anatoa, na anayekataa aseme kwa nini anakataa. Hapo ndipo ningewapima lugha.

Walifurahi kuliko nilivyotarajia. Siku ya kwanza tu wawili walikula mtaji wao, mmoja akaja na mahindi ya kwao mfukoni ili awe tajiri, tukamkamata kwa sababu yake yalikuwa ya njano. Kundi moja lilichangisha kwa ajili ya mbuzi aliyegoma kwenda mnadani na sasa anatafuta wakili. Jingine liliombea viatu barabara ya Geita, iliyochoka kukanyagwa na malori ikiwa pekupeku. Kundi la wavulana wa dirishani lilitaka kumpeleka jogoo wa mkuu wa shule likizo Mwanza ili watu walale asubuhi, na hilo kopo lilijaa haraka mno. Darasa lilikuwa likivunjika mbavu. Mimi nilisimama nyuma nikiandika alama. Niliona kwamba inachekesha, kama mtu anavyoona kupitia dirisha kwamba nje kuna mvua.

Kundi la mwisho liliongozwa na msichana mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, ambaye baba yake ana karasha. Si mtoto wa utani mwingi. Akifanya hesabu ananong'ona, akikosea anajigonga paji la uso. Alibandika manila yake ya bluu ubaoni. Walikuwa wamechora nyumba, na nyuma ya nyumba mifuko imepangwa chini ya upenu. Juu waliandika: MAWE YAMELALA, TUYAAMSHE.

"Madam," alisema, "hii ni ya kubuni."

"Endelea," nikamwambia.

Alisoma amesimama wima. "Katika kijiji ambacho hakipo, yupo mama mmoja ambaye hayupo. Mama huyu alifiwa na mume wake. Maduara yakamletea mawe ya msiba, na mawe yale hayajasagwa mpaka leo. Mama huyu si mvivu. Amekosa watu wa kumbebea, na karasha liko mbali, na yeye ni mtu wa heshima, anaona aibu kuomba. Kila siku anaamka anayatazama. Tunaomba mchango wenu wa nguvu, wa mkokoteni na wa mafuta ya kuwashia mashine. Mkichanga, mama ambaye hayupo ataanua tanga, na atapumzika."

Hakuna aliyecheka. Kisha wakaanza kuja mbele mmoja mmoja na punje zao, na kopo likawa linalia.

"Natoa kwa sababu mawe hayaozi, lakini mifuko inaoza."

"Natoa kwa sababu msiba usiofungwa unaita mwingine."

"Natoa kwa sababu hata baba alitoa mfuko mm..."

"Ni ya kubuni wewe!" wenzake wakamkemea, akarudi kwenye dawati lake amefunika mdomo.

Watoto hawa wamezaliwa kwenye vumbi la mawe. Kwao jiwe likibaki bila kusagwa kuna sababu tatu tu: mwenyewe hana watu, hana mafuta ya mashine, au amekufa. Hakuna mchimbaji aliyewahi kukaa na jiwe kwa sababu analitazama. Kwa hiyo walifikiri vizuri, hatua kwa hatua, kama nilivyowafundisha kupanga hoja, wakafika mahali ambapo sikuwepo.

Kopo lilifurika. Msichana yule akalishika kwa mikono miwili, akanigeukia. "Na wewe, madam?"

"Mwalimu hachangii. Mwalimu anasahihisha."

"Kanuni ni kila mtu, madam. Anayekataa anasema kwa nini."

Darasa lote liligeuza shingo. Nilijua wananizungumzia mimi, hilo halikuhitaji elimu ya chuo. Nilingoja nikasirike, au niguswe, au nione aibu. Nilingoja kidogo pale mbele yao, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba aliyohama. Kisha nikasema hadithi yao ina mtiririko mzuri, nikasema "mama ambaye hayupo" ni mbinu nzuri ya kurudiarudia, nikawapa alama za juu kuliko makundi yote. Kengele ikalia. Wakati wanatoka, yule msichana alisimama mlangoni akasema, "Pole, madam."

"Nimeshapoa," nikamwambia. "Nifutie ubao."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini kampeni ile ilikuwa na mwisho wake, na mwisho wa kampeni ni kwamba kazi ifanyike. Alikwenda nyumbani akamweleza baba yake kwamba darasa limekubaliana. Baba naye, kumbe, pamoja na wenye maduara wote, walikuwa wakingoja kwa miezi mtu mmoja tu afungue mdomo, kwa sababu kumkumbusha mfiwa mawe yake ni utovu wa adabu.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nafua. Mbele walikuwa wanafunzi wangu, bila sare sikuwatambua vizuri, nyuma yao mkokoteni wa ng'ombe, na nyuma ya mkokoteni wanaume wa maduara na kina mama wenye nyundo za kugongea mawe. Sufuria la uji lilikuwa tayari kichwani mwa mmoja wao. Wakasimama uani.

"Shikamoo, madam!" waliniamkia kwa pamoja, kama vile nimeingia darasani.

"Marahaba."

Mwenye karasha alivua kofia. "Mwalimu, wanafunzi wako wametuaibisha," alisema. "Sisi tulikuwa tunakuonea haya, kumbe na wewe ulikuwa unatuonea sisi. Tusamehe. Leo usiguse kitu. Wewe ni wa kukaa tu."

Mikono yangu ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kumweleza kwamba sikukosa watu. Ningeanzia wapi? Ningemwambia mtu mzima, mbele ya wanafunzi wangu, kwamba nasubiri fundo lifunguliwe na aliyelifunga? Nikasema, "Haya."

Wakapita nyuma ya nyumba. Walipakia kwa kupokezana, wakiimba kidogo kidogo kwa Kisukuma kama watu wanaolima shamba la mwenzao. Kijana mmoja akapanda, akakumbatia ule mfuko wa juu upande wa kulia, wenye kanga ya kijani, akaurusha mkokotenini. Mdomo wangu ulifunguka kusema huo uacheni. Kilichotoka ni "Asanteni." Niliwasikia wakinirudishia asante kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, mama. Nikasuuza nguo iliyokuwa mkononi, nikaianika, nikawafuata kwa miguu.

Niseme mapema, asije mtu akakaa anangojea utajiri: kilichopatikana siku ile kilikuwa kidogo, kama mawe mengi ya huku yanavyotoa, na nilikipeleka Songwa kwa mama mkwe. Sikuwa nimekwenda kutafuta dhahabu. Nilikuwa nafuata mfuko.

Karashani waliniketisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, kivulini, wakanipa kikombe cha uji. Kina mama wakakaa chini na nyundo zao kuvunja mawe makubwa. Mashine iliponguruma hapakuwa na mazungumzo tena, na hilo lilinifaa. Mwenye karasha aliwafukuza watoto kila waliposogelea upande wa mwalo, pale wanapooshea unga wa mawe juu ya mablanketi, kwa sababu huko kuna zebaki. "Kaeni huku, msaidie kumwaga!" aliwapigia kelele. Wakawa wanakata katani, wanainua mfuko, wanamwaga kwenye lundo, wanatupa mfuko pembeni. Mifuko mitupu ikawa inapeperushwa na upepo.

Niliapa moyoni kwamba nitautazama wa kwake mpaka mwisho. Kisha mzee mmoja alikuja kunisalimia, nikasimama kumwamkia, akaniambia sikioni yeye mbele sisi nyuma, nikamjibu nimeshapoa, naye akaushikilia mkono wangu kwa muda mrefu. Nilipokaa tena na kugeuka, hapakuwa na kijani popote juu ya mkokoteni.

Nikatafuta mawe yake kwenye lundo kwa macho. Nilifikiri nitayajua. Mawe ni mawe. Ya kwake yalikuwa yameshachanganyika na ya majirani, na nyundo zilikuwa zinayagonga yote sawasawa. Nilikunywa uji wangu. Niliona umetiwa ndimu na nikafikiri, vizuri, wametia ndimu.

Baadaye mashine ilizimwa ili ijazwe tena. Kimya kilipoingia yule msichana alikuja mbele yangu ameshika kitu nyuma ya mgongo, uso wote vumbi jeupe, macho tu ndiyo yaliyobaki ya kwake.

"Madam, samahani," alisema. "Kuna mfuko mmoja tumeuharibu."

"Upi?"

Akautoa. Ulikuwa umepasuliwa chini, kutoka pembe hadi pembe, unaning'inia kama shati lisilo na mtu. Juu, mdomoni, kanga ya kijani ilikuwa pale pale, na fundo lake pale pale.

"Lilikuwa limekaza sana," alisema. "Tumejaribu wote. Baba amejaribu. Na mzee mmoja mwenye meno yake yote naye amejaribu. Tukaona tupasue chini kwa panga. Nitakuletea mfuko mwingine Jumatatu, madam."

Nikaupokea. Kitambaa kilikuwa kigumu kwa tope lililokauka. Nikaweka kidole kwenye fundo, pale ninapojua huwa analilaza upande wa kushoto, lakini halikusogea. Nikaingiza kucha. Nikainama nikalishika kwa meno, kama zamani maji ya ugali yakiwa yanachemka, mdomo ukajaa ladha ya udongo na mafuta ya mashine. Halikufunguka. Nikavuta, jino likauma, na papo hapo nikasikia mtu anapiga kelele karashani.

"Mwanamume wewe! Nimekwambia mara ngapi usifunge hivi? Nimekwambia mara ngapi? Sasa nani atafungua? Nani? Wewe uko wapi?"

Ilikuwa sauti yangu. Ile sauti ya jikoni, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia. Nyundo za kina mama zilisimama moja moja. Mwenye karasha alikuwa ameshika mpini wa kuwashia mashine na hakuuzungusha. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, ya moto, kwa sababu alikwenda kuangalia timba ambalo si kazi yake, akaniachia fundo. Machozi yalikuwa yakinitoka na makamasi pia, mbele ya kidato cha tatu.

Msichana yule hakukimbia. Alipiga magoti kwenye vumbi, akawa usawa wangu.

"Pole, madam," alisema.

Neno lile lingine lilikuwa tayari kwenye ulimi, limesimama kwenye mstari kama kawaida yake. Nikalitafutia pumzi, nikaikosa.

"Sijapoa," nikamwambia. "Bado sijapoa."

"Ndiyo, madam," alisema. Akashika ncha moja ya kanga, akaizungusha mkononi mwake mara mbili ili isiteleze, akanipa ncha ya pili. "Shika huku. Tuvute wote."